Uwanja, Mtaa na Mji: Mashabiki wa Soka na Mshikamano wa Bujumbura baada ya Misukosuko, 1992–2022

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mashabiki wa soka wa Bujumbura walivyojikusanya kuuzunguka mji wao katika vipindi vya majaribu, kuanzia fainali ya klabu ya Vital'O mwaka 1992 hadi timu ya taifa ilipolazimika kuhamishia mechi ya nyumbani Dar es Salaam mwaka 2022. Hoja kuu ni kwamba furaha ya mashabiki haileti amani kwa nguvu zake yenyewe. Inachofanya ni kudhihirisha uhusiano ambao tayari umejengwa mitaani, sokoni na viwanjani, na hudumu tu pale ambapo taasisi za kuubeba uhusiano huo zipo. Kwa sababu hiyo, uwanja wa mji unapaswa kuhesabiwa miongoni mwa mali za umma ambazo ujenzi wa amani unazitegemea.

Utangulizi

Mwaka 2013 miji miwili iliyo mbali sana ilipatwa na misiba ndani ya miezi mitatu. Jumapili ya tarehe 27 Januari, moto uliteketeza Soko Kuu la Bujumbura, ambalo maelfu ya familia ziliishi kwa biashara yake. Tarehe 15 Aprili, mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio za marathoni za Boston, nchini Marekani, na kuua watu watatu na kujeruhi mamia. Kabla ya mwaka kwisha, kila mmoja wa miji hiyo ulikuwa umepata ubingwa. Vital'O ya Bujumbura ilitwaa Kombe la Kagame, taji la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati. Timu ya besiboli ya Boston, Red Sox, ambayo mwaka uliotangulia ilimaliza mkiani mwa kundi lake, ilitwaa ubingwa wa nchi yake tarehe 30 Oktoba, na kwa mara ya kwanza tangu 1918 ilifanya hivyo katika uwanja wake wa nyumbani.

Simulizi ya Boston imeenea duniani. Hotuba fupi ya mchezaji David Ortiz mbele ya mashabiki tarehe 20 Aprili 2013, katika mechi ya kwanza ya nyumbani baada ya shambulio, huchukuliwa kuwa mfano wa jinsi mchezo unavyoweza kuwainua watu waliopigwa na msiba. Simulizi ya Bujumbura haijulikani sana nje ya eneo la Maziwa Makuu, ingawa mji huo umejaribiwa mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi. Makala hii inauliza mashabiki wa Bujumbura walikuwa wakikusanyika kuzunguka kitu gani hasa, na kwa nini mkusanyiko huo ulidumu katika baadhi ya nyakati na kuvunjika katika nyingine.

Mji wa mitaa na uwanja wake

Bujumbura, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Usumbura, ni mji uliokua kwa mitaa. Utawala wa Wabelgiji uliwatenga wakazi Waafrika katika maeneo yao, na miongoni mwa maeneo hayo Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waswahili: wafanyabiashara, mafundi, wavuvi na wapagazi wenye asili ya pande zote mbili za Ziwa Tanganyika, wengi wao Waislamu. Jirani yake, Bwiza, nao ulikuwa mtaa wa mchanganyiko. Katika mitaa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya viwanja vya mpira. Kwa mkazi wa Buyenzi, kujitambulisha kuwa Mswahili kulimpa namna ya kuwa raia wa mji bila kuanza na swali la Uhutu au Ututsi.

Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeongoza chama cha UPRONA katika harakati za uhuru, alipata uungwaji mkono mkubwa katika mtaa huo. Aliuawa Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Uwanja mkuu wa michezo wa Bujumbura ulipewa jina lake. Kwa hiyo, kwa miongo kadhaa, watu wa mji huu walipokwenda kutazama mpira waliingia mahali palipobeba jina la kiongozi ambaye kumbukumbu yake ilidaiwa na pande zote za siasa za nchi. Bujumbura ilikuwa na sehemu chache sana za namna hiyo.

Fainali ya 1992 na kuvunjika kwa mji

Mwishoni mwa 1992, Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyowahi kufika fainali ya mashindano ya bara. Mkondo wa kwanza ulichezwa Bujumbura dhidi ya Africa Sports ya Abidjan na kumalizika kwa sare ya 1–1. Katika mkondo wa pili, mjini Abidjan, Vital'O ilifungwa 4–0. Mwaka uliofuata timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, yaani Mbayuwayu Vitani, ilibakiwa na hatua moja tu kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 1994, ikatolewa na Guinea kwa mikwaju ya penalti.

Kwa upande wa mpira, basi, Burundi haikuwahi kuwa na matumaini makubwa kama katika miezi hiyo. Kwa upande wa siasa ilikuwa hivyo hivyo. Uchaguzi wa Juni 1993 ulimpa ushindi Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa na wananchi katika uchaguzi wa vyama vingi. Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa katika jaribio la mapinduzi, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu zaidi ya miaka kumi.

Mfuatano huu una uzito kwa mwanahistoria. Umati ulioishangilia Vital'O mwaka 1992 ulikuwa umati wa mji mchanganyiko, na bado mji huohuo uligawanyika katika muda wa miaka miwili. Kamenge na Kinama zikawa mitaa ya Wahutu. Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikawa ngome za Watutsi. Makundi ya vijana wenye silaha yalilinda mipaka ya mitaa, na siku za kuufunga mji kwa nguvu zilizuia watu kwenda kazini na sokoni. Mwishoni mwa Machi 1995 mauaji yaliikumba hata mitaa ya Bwiza na Buyenzi, na wakazi wengi walikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Zaire. Anayedai kwamba mpira huunganisha watu analazimika kueleza kwa nini haukuwaunganisha hapo.

Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba umati wa uwanjani haukuwa na nguvu ya kuzuia maamuzi yaliyofanywa kambini na katika ofisi za vyama. Shabiki hurudi mtaani kwake baada ya mechi, na mtaa wake ukiwa umetekwa na wenye silaha, undugu wa uwanjani hauna pa kukaa.

Vijana wa 1995 na kituo cha Kamenge

Hata hivyo, mpira haukufa. Katika mwaka huohuo wa 1995, timu ya vijana wa Burundi ilifika fainali ya Afrika, ikashindwa na Cameroon, na kwa matokeo hayo ikaenda Qatar mwezi Aprili kushiriki mashindano ya dunia ya vijana. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu mauaji ya Bwiza na Buyenzi. Mwaka uliofuata, siku chache baada ya Pierre Buyoya kurudi madarakani kwa mapinduzi ya Julai 1996, Vénuste Niyongabo alishinda mbio za mita 5,000 huko Atlanta na kuipatia Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, nayo ya dhahabu. Nafasi yake katika mita 1,500 alikuwa amemwachia Dieudonné Kwizera, mwanariadha aliyekosa michezo iliyotangulia kwa sababu nchi yao haikuwa na kamati ya Olimpiki.

Ushindi wa aina hii uliwapa Warundi jina jema ugenini katika miaka ambayo nchi yao ilitajwa kwa maafa tu. Kazi ya kuwarudisha vijana katika kiwanja kimoja ilifanywa kwingine. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika eneo la mitaa ya kaskazini, kiliwakusanya vijana wa makabila yote kwa michezo, masomo na ufundi hata wakati mitaa iliyokizunguka ilipokuwa uwanja wa vita. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa Tuzo ya Right Livelihood. Tofauti kati ya kituo hiki na umati wa fainali ni ya kawaida ya maisha: vijana wa Kamenge walikutana kila wiki, kwa ratiba na chini ya uangalizi. Walijuana kwa majina, ilhali watazamaji wa fainali walijuana kwa rangi ya fulana.

Moto wa soko na kombe la 2013

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, usitishaji wa mapigano uliofuata na uchaguzi wa 2005 viliirudishia Bujumbura maisha ya kawaida kwa kiasi. Mwaka 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili, ambacho hapo awali kilidharauliwa kuwa lugha ya mitaa ya watu wa chini, kilianza kuonekana kuwa daraja la kufikia soko la eneo zima. Njia hiyo wachezaji mpira walikuwa wameipita zamani. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977, alitoka Vital'O akapitia Yanga ya Dar es Salaam kabla ya kung'ara Ulaya, na katika soka ya kimataifa aliichezea Kongo.

Moto wa Januari 2013 ulilipiga soko hilo, ambalo lilikuwa mahali pa pili, baada ya uwanja, ambapo mitaa yote ya mji ilikutana. Msongi, Mwislamu, Mkatoliki, Mhutu, Mtutsi na Mkongomani walipangana meza kwa meza. Rwanda ilituma helikopta kusaidia kuzima moto. Miezi michache baadaye, katika Kombe la Kagame lililofanyika Sudan, Yanga iliyokuwa bingwa mtetezi, Simba na Tusker zilijitoa kwa hofu ya usalama. Vital'O ilikwenda, na katika fainali ikaifunga APR ya Rwanda 2–0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Burundi kutwaa kombe hilo. Mshambuliaji wake Amissi Tambwe alisajiliwa na Simba mwaka huohuo.

Ulinganisho na Boston unafaa hapa. Huko, pamoja na shangwe za uwanjani, meya na gavana walianzisha mara moja mfuko wa kuwasaidia majeruhi na familia za waliokufa, na mfuko huo ulikusanya makumi ya mamilioni ya dola. Shangwe za mashabiki zilikwenda sambamba na mpango wa kuwafidia waathirika. Bujumbura ilipata kombe, lakini eneo la Soko Kuu lilibaki gofu kwa miaka mingi, na wafanyabiashara wakatawanyika katika masoko madogo ya pembezoni. Furaha ya ushindi ilikuwa ya kweli katika miji yote miwili. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila mji ulikijenga juu ya furaha hiyo.

Kutoka 2015 hadi Machi 2019

Tarehe 26 Aprili 2015 maandamano yalianza Bujumbura kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei lilishindwa, na mashambulizi ya kambi za jeshi ya tarehe 11 Desemba yalifuatwa na mauaji katika mitaa iliyokuwa kitovu cha upinzani. Kufikia 2017, Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wakimbizi, wengi wao katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma.

Siasa za kipindi hicho ziliingia ndani ya mpira moja kwa moja. Nkurunziza, aliyekuwa mwalimu wa michezo kabla ya vita, alikuwa na timu yake, Haleluya FC, iliyocheza mechi katika mikoa mbalimbali naye akiwa uwanjani. Révérien Ndikuriyo, aliyeongoza shirikisho la soka tangu 2013 akimrithi Lydia Nsekera, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati tendaji ya FIFA, alikuwa pia spika wa Baraza la Seneti kuanzia 2015. Mshabiki wa kawaida asingeweza kwa urahisi kuitenga timu aliyoipenda na serikali aliyoiogopa au kuiunga mkono.

Ni katika hali hiyo ndipo Intamba mu Rugamba walipopata mafanikio yao makubwa. Katika kundi lenye Mali, Gabon na Sudan Kusini, walicheza mechi sita bila kufungwa: ushindi mara mbili na sare nne. Tarehe 23 Machi 2019, katika Uwanja wa Prince Louis Rwagasore, sare dhidi ya Gabon ingetosha kuwapeleka Misri, huku Gabon ikihitaji ushindi. Cédric Amissi alifunga katika kipindi cha pili. Bao la kujifunga likawarudisha Gabon mchezoni, na mechi ikaisha 1–1. Chini ya kocha Olivier Niyungeko, Burundi ilikuwa imefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, na maelfu ya watu waliingia barabarani kushangilia.

Nahodha wa kikosi hicho, Saido Berahino, alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, akampoteza baba yake vitani na kukulia Uingereza kama mkimbizi. Maisha yake yalikusanya ndani yake miaka yote ambayo mji ulitaka kuiacha nyuma. Wachezaji wengine walikuwa wakicheza katika ligi za Afrika Mashariki, Kusini na Ulaya. Timu hiyo, kwa hiyo, iliwakilisha pia Bujumbura iliyotawanyika duniani. Aliyekuwa Buyenzi na aliyekuwa Nyarugusu, hata kama wasingekubaliana juu ya lolote lililotokea mwaka 2015, walikuwa na sababu ya kufuatilia mechi ileile. Huko Misri timu ilifungwa mechi zote tatu, 1–0 na Nigeria, 1–0 na Madagascar, na 2–0 na Guinea, bila kupata hata bao moja. Matokeo hayo hayakufuta maana ya Machi 23.

Mji usio na uwanja

Shangwe hizo zilifanyika katika mji uliokuwa ukipokonywa hadhi yake. Miezi miwili tu kabla ya mechi ya Gabon, mwezi Januari 2019, bunge lilipitisha sheria ya kuifanya Gitega mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa kiuchumi. Tarehe 1 Julai 2019, wakati timu ikiwa bado imetoka tu kucheza Misri, Rais alitangaza kwamba uwanja hautaitwa tena kwa jina la Rwagasore, bali Intwari, yaani Mashujaa, na kwamba uwanja wa ndege wa Bujumbura utaitwa kwa jina la Ndadaye. Jina jipya linaweza kuelezwa kuwa linawajumuisha mashujaa wote. Lakini jina la zamani lilikuwa limefungamana na kumbukumbu za mji kwa vizazi, na mabadiliko hayo yalishuka kutoka juu.

Pigo zito zaidi lilikuja kwa sababu za kiufundi. Shirikisho la Soka la Afrika lilikaza masharti ya viwanja, na Intwari haukuyatimiza. Tarehe 9 Juni 2022 Burundi iliikaribisha Cameroon katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na kufungwa 1–0. Dar es Salaam si ugeni kabisa kwa Warundi. Lugha ni moja, na jumuiya ya Warundi ipo. Hata hivyo, muuza ndizi wa Bujumbura au kijana wa Kamenge hakuweza kusafiri kwenda kuishangilia timu yake. Mkusanyiko wa Machi 2019 ulihitaji lango ambalo mtu angelifikia kwa miguu, na lango hilo sasa lilikuwa limefungwa kwa mechi za aina hiyo.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha mambo matatu. Kwanza, mashabiki wa Bujumbura hawakungoja amani ndipo waupende mji wao. Walikusanyika mwaka 1992 kabla ya vita, na mwaka 2019 wakati majeraha ya 2015 yalikuwa hayajapona. Pili, mkusanyiko huo peke yake haukuzuia mgawanyiko mwaka 1993, wala haukulijenga soko upya mwaka 2013. Tatu, kilichodumu zaidi ni kile kilichokuwa na ratiba na mahali pake: viwanja vya mitaa, klabu kongwe, na vituo kama cha Kamenge.

Kwa wanaoshauri juu ya sera, matokeo yake ni wazi. Kuukarabati uwanja wa Bujumbura kufikia viwango vya bara ni suala la mpira, lakini pia ni suala la mshikamano wa mji uliopoteza soko lake kuu na hadhi yake ya kisiasa ndani ya miaka sita. Viwanja vidogo vya mitaa ya Buyenzi, Kamenge na Musaga vinastahili kulindwa dhidi ya ujenzi holela kwa sababu hiyohiyo. Aidha, uongozi wa soka unapotenganishwa na vyeo vya siasa, ushindi unabaki mali ya wote, na mshabiki wa upande wowote anaweza kuushangilia bila kuhofia kuhesabiwa. Umati wa Machi 2019 uliweka amana mikononi mwa mji. Amana hiyo haijarudishiwa wenyewe, na kadiri mechi za nyumbani zilivyochezwa ugenini, ndivyo kizazi kilichokuwa kikikua Bujumbura kilivyoikosa nafasi ambayo hata wazazi wao, katika miaka migumu kuliko hiyo, waliipata.